Fundi Kidole na Silinda ya Tatu

Wapo watu katika mji wa Lushoto ambao wamemfahamu Zipora Shemhilu kwa zaidi ya miaka ishirini bila kulijua jina alilobatizwa. Humwita Fundi Kidole, naye huitika. Mgeni akilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza humtazama mikono akidhani amepungukiwa na kidole, kumbe vyote kumi vipo, vimekomaa, na weusi wa oili umeingia kwenye kucha na kukataa kutoka.

Jina lilianza mwaka 1994 katika gereji ya Mzee Yusufu pale Soni. Zipora alikuwa na miaka kumi na tisa, binti wa mkulima wa Vuga, na kazi yake kubwa ilikuwa kuosha vipuri kwa petroli. Mzee Yusufu alikuwa na geji moja tu ya kupimia mgandamizo wa silinda, kile kipimo ambacho mafundi wengi hukiita geji ya kompresheni. Aliifungia kabatini, na ufunguo aliufunga kwenye mkanda wa suruali. Ijumaa moja alikwenda msikitini na ufunguo wake. Huku nyuma likaingia lori dogo la petroli lililobeba majani mabichi ya chai, likielekea Mponde, likikohoa na kukosa nguvu. Dereva wake, Bakari, alikuwa akizunguka uani kama mtu aliyekanyaga siafu, kwa kuwa majani ya chai hayasubiri.

Zipora alifungua plagi zote, akamwomba Bakari apige stata, kisha akaziba matundu kwa kidole gumba, moja baada ya jingine. Tundu la kwanza hewa ilimsukuma kidole kikaruka. La pili ilimgusa tu, kama pumzi ya mtoto aliyelala. La tatu na la nne yakamsukuma tena.

"Ya pili ndiyo mbovu," alisema.

"Haya, leo tumepata mganga!" Bakari alicheka. "Muulize na hicho kidole kama nitapata mtoto wa kiume."

Mzee Yusufu aliporudi alitoa geji, akapima zote nne. Namba ya silinda ya pili ilikuwa imeanguka. Akamgeukia Bakari akamwambia, "Kidole cha huyu binti kimeninyang'anya kazi." Bakari alilibeba neno hilo pamoja na majani yake ya chai, na kabla ya mwezi kwisha lilikuwa limefika Bumbuli.

Hata hivyo, jina lilichukua nusu tu ya habari. Jioni ile Zipora alinunua daftari la shule, akaandika alichokihisi kidoleni, na pembeni yake akaandika kilichosemwa na geji. Aliendelea hivyo kwa kila injini aliyoigusa: tarehe, gari, mahali, namba za silinda. Leo anayo madaftari kumi na moja, yamefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli na kuwekwa kwenye debe ili panya wasiyafikie.

Jumanne moja ya mwezi wa Julai, adhuhuri, ukungu ukiwa bado umeyakalia mapaa ya chini ya soko, Land Rover kuukuu ya rangi ya majivu iliingia katika gereji ya Zipora ikitikisika kama mtu mwenye homa. Aliyeshuka alikuwa Mzee Silvano, mkulima wa karoti kutoka upande wa Rangwi, mtu wa miaka sitini na minane, mrefu, aliyevaa koti la kaunda lililofungwa hadi shingoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Onga mshi." Baada ya salamu hiyo ya Kisambaa alikubali benchi aliyoonyeshwa, akakaa. "Nimekuja kuaga."

"Kuaga? Unasafiri?"

"Si mimi. Ni hili gari. Ijumaa saa kumi anakuja Ismaili, yule mnunuzi wa vyuma chakavu. Wewe ndiye uliyelibadilishia klachi na breki miaka yote hii. Nimeona nisilizike bila kuwaita ndugu."

Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilitoka kwa Dula, fundi kijana kutoka Tanga aliyefungua gereji yake mjini mwaka huo. Mwandiko ulikuwa safi, namba za mgandamizo: silinda ya kwanza 118, ya pili 120, ya tatu 62, ya nne 117. Chini yake: "Kitabu kinataka 150. Zote ziko chini. Injini imekwisha. Ishushwe yote, au gari liuzwe."

Zipora aliisoma karatasi hiyo mara mbili. "Na wewe umeridhika kuliuza?"

Silvano aliligeukia gari. Gari lile alikuwa nalo tangu mwaka 1988. Katika mtaa wake wa juu, mvua zikinyesha, ndilo pekee lililoweza kutoka. Limebeba karoti na kabichi, limebeba wagonjwa, limebeba majeneza, limebeba na maharusi.

"Mwezi wa nne," alisema, "lilinishinda kwenye kilima na mkwe wa jirani yangu akiwa ndani na uchungu. Watu wanane walisukuma matopeni. Halikupanda. Yule binti alijifungulia pale pale barabarani, kwenye mvua, wanawake wakimkinga kwa kanga. Mungu alisaidia, wote wazima. Lakini gari linalomwacha mama mjamzito njiani si gari tena. Siwezi kumwahidi mtu mwingine kwamba nitamfikisha."

"Ukiliuza, watafikishwa na nini?"

"Ndiyo hilo linaloninyima usingizi, Mama Lulu," alisema Silvano, akimwita kwa jina la mwanawe.

Zipora alikunja karatasi, akairudisha. "Leo Jumanne. Ijumaa saa kumi bado. Kaa kwenye usukani."

Mzee Yusufu alimfundisha kutofungua bolti hata moja kabla ya kujua anatafuta nini, naye hakuwahi kuiacha desturi hiyo. Injini ilikuwa bado na joto. Alihakikisha betri ina nguvu, akatoa plagi zote nne na kuzipanga kwenye kitambaa kwa utaratibu wake, akachomoa waya wa koili. Alipoinama juu ya bampa, kifungo cha katikati cha ovaroli yake kilikatika, kikaviringika chini ya gari. Alikitafuta kwa subira mpaka akakipata, akakiweka ndani ya kiberiti kitupu, akarudi kazini.

"Kanyaga mafuta mpaka mwisho, mzee, usiachie. Sasa piga."

Alianza kwa kidole, kama ada. Ya kwanza ilimsukuma. Ya pili ilimsukuma. Ya tatu ilimgusa tu. Ya nne ilimsukuma. Ndipo alipotoa geji, akapima kila silinda kwa mizunguko sita ya injini, si zaidi wala si pungufu. Namba zilikuwa zile zile za Dula, zikipishana kwa moja au mbili.

"Kijana amepima vizuri," alisema.

"Kwa hiyo kweli imekwisha," Silvano akasema kwa sauti ndogo.

"Nimesema amepima vizuri. Sijasema amesoma vizuri." Akafungua debe la madaftari.

Alitafuta daftari la nne. Mwaka 2002 alifanya kazi Mombo, kule chini ya milima, na tangu wakati ule alikuwa ameona jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Lori lililompa 150 Mombo siku ya Jumatatu lilimpa 127 Lushoto siku ya Alhamisi. Injini ile ile, geji ile ile. Aliliona kwa magari ishirini na matatu kabla ya kuliamini. Silinda humeza hewa, kisha huibana. Na hewa ya milimani ni nyepesi. Ukimeza kidogo, utabana kidogo. Vitabu vya magari vimeandikwa kwa hewa ya pwani, na Dula alikuwa mtoto wa pwani.

Asubuhi ya Jumatano alimfuata Dula kwenye gereji yake. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, mwenye ovaroli iliyopigwa pasi na vitabu vitatu juu ya rafu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuazima gari lako dakika kumi."

"Corolla yangu? Ina nini?"

"Haina kitu, ndiyo maana naitaka. Injini uliifanya lini?"

"Mwezi wa kwanza, Tanga, kwa mikono yangu mwenyewe." Dula alitabasamu. "Pistoni mpya, ringi mpya. Nilipima zote 180. Hiyo ni saa, mama, si injini."

"Ulipima tena tangu uje huku?"

"Ya nini? Mtu mzima hapelekwi kliniki kila mwezi."

"Mpeleke leo. Kwa geji yako, si yangu."

Dula alipima akicheka. Silinda ya kwanza ilisimama kwenye 152, na kicheko kikasimama pamoja nayo. Ya pili 151. Ya tatu 152. Ya nne 152. Aliigongagonga geji kwa kucha, akarudia ya kwanza. Haikubadilika.

"Pole," alisema Zipora. "Injini yako imekwisha. Tumwite Ismaili aje na lori kubwa?"

Fundi wa tairi, Dotto, ambaye kibanda chake kilikuwa kati ya gereji zao mbili, na aliyekuwa akisikiliza ukutani, aliangua kicheko. "Hata mimi nina mnyororo, Dula! Nikuvutie?"

Dula aliinamisha kichwa, lakini hakununa. Jambo hilo Zipora alilipenda. Alifungua daftari lake juu ya boneti na kumwonyesha safu mbili, Mombo na Lushoto, mwaka kwa mwaka. Kijana alifuata mistari kwa kidole, midomo ikihesabu.

"Kumbe huku 118 ni afya," alisema hatimaye.

"Ni afya ya mzee, lakini ni afya. Tatu nzima, moja mgonjwa. Sasa njoo tumtafute mgonjwa anaumwa wapi, maana bado sijui."

Walirudi pamoja. Silvano alikuwa amefika mapema, amekaa kwenye benchi ile ile, kofia magotini.

Zipora alimimina kijiko kimoja cha oili ndani ya silinda ya tatu. Kama ringi za pistoni ndizo zilizochoka, oili ingeziba nyufa kwa muda na namba ingepanda. Silvano alipiga stata. Geji ikasema 64.

"Haikupanda," alisema Dula. "Basi si ringi."

"Si ringi. Kwa hiyo hatushushi injini." Zipora alimtazama Silvano aone kama amesikia. Alikuwa amesikia, kwa kuwa kofia ilikuwa imerudi kichwani.

Kisha alizungusha injini kwa mkono mpaka pistoni ya tatu ikafika juu na valvu zake, vile vilango vya kuingizia hewa na kutolea moshi, zikapaswa kuwa zimefungwa. Akaweka gia na breki ya mkono. Dotto alileta mpira wa mashine yake ya kujazia upepo, wakauunganisha na tundu la plagi, wakaachia hewa iingie.

"Mzee, nenda nyuma uweke sikio kwenye ekzosi. Dula, sikiliza kwenye mfuniko wa oili. Mimi natazama maji ya rejeta."

Maji ya rejeta yalikuwa kimya, hayakutoa hata povu moja. Dula alitikisa kichwa. Silvano, aliyekuwa amepiga magoti nyuma ya gari lake, aliinuka na kusema kwa mshangao, "Huku kuna nyoka. Anapuliza."

"Huyo ndiye," alisema Zipora. "Valvu ya kutolea moshi haifungi."

Hapo ndipo aliporuhusu bolti za kwanza zifunguliwe. Alitoa mfuniko wa juu ya injini, tapeti zote nane, vile vinyundo vidogo vinavyosukuma valvu, zikaonekana. Alichukua fila, vile vijembe vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi, akapitisha kati ya tapeti na shina la valvu, moja baada ya nyingine. Palipaswa kuwa na nafasi ndogo, unene wa karatasi mbili tatu, ili valvu ipate kukaa sawasawa kwenye kiti chake. Ya kwanza ilipitisha. Ya pili ilipitisha. Alipofika kwenye valvu ya moshi ya silinda ya tatu, kijembe kiligoma. Alijaribu chembamba zaidi. Kikagoma. Hata kile chembamba kuliko vyote hakikuingia.

Zipora aliona alama mpya za bisibisi kwenye skrubu ya tapeti ile. Hakumgeukia mtu. Aliendelea kukifuta kijembe.

"Nani aliigusa tapeti hii?"

Dula aliinua mikono juu. "Mimi niliishia kwenye plagi, mama. Haki ya Mungu."

Silvano alikohoa. Alikitazama kilima cha mbele kana kwamba jibu limeandikwa huko.

"Unakumbuka msiba wa shemeji yangu, mwaka jana mwezi wa kumi na mbili?" alianza. "Nilibeba jeneza. Padri anasali, na gari liko palepale linanguruma, maana nikilizima huenda lisiwake. Tapeti inagonga, ta, ta, ta. Wakati wa kurudi wanawake wakasema gari langu linajibu sala kabla ya waumini. Katekista naye akaniambia, Mzee Silvano, lifundishe adabu hilo. Nikaona aibu. Nikafungua mfuniko, nikatafuta inayogonga kuliko zote, nikakaza. Ikapungua. Nikakaza tena. Ikanyamaza kabisa." Akashusha pumzi. "Nilifurahi sana, Mama Lulu. Misiba mitatu nimebeba kimya kimya."

Dotto aligeuka upande ili asionekane akicheka. Zipora hakucheka.

"Uliifunga ikashindwa kujifunga," alisema taratibu. "Chuma kikipata moto hurefuka. Ikikosa nafasi, valvu inaning'inia wazi kidogo, na moto unapita ukiitafuna ukingo. Tangu Desemba inatafunwa. Mwezi wa nne ikakushinda kilimani."

Mzee alisimama pale akiyaunganisha mambo mawili ambayo hakuwahi kuyaweka pamoja: ukimya wa misiba na yule binti kwenye matope. Uso wake ulibadilika.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni bisibisi. Na bisibisi inarekebishika. Niambie sasa, mzee, nifungue hedi au tumsubiri Ismaili?"

"Fungua," alisema Silvano. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumanne sauti yake kuwa ya mtu mwenye gari.

Kwanza Zipora aliirudishia tapeti nafasi yake na kupima tena, asije akafungua bure hedi, kile kichwa cha injini kinachobeba valvu. Namba ilipanda hadi 88. Ilikuwa habari njema isiyotosha: valvu ilikuwa imeungua ukingoni, ingehitaji kusagwa. Na hedi ikifunguliwa, gasketi ya zamani, ile karatasi ngumu inayoziba katikati, hairudishwi. Mjini Lushoto hapakuwa na gasketi ya gari la umri ule.

"Tanga ipo," alisema Dula, na tayari alikuwa ameshika simu. "Kuna duka najua. Nikimwambia leo, kesho mchana inapanda na basi. Niachieni mimi hilo. Kile kikaratasi nilikiandika mimi."

Mchana ule walimwaga maji ya rejeta na kufungua bolti za hedi. Dula na Silvano waliinyanyua wakaiweka juu ya meza. Valvu ya moshi ya tatu ilikuwa na kovu jeupe upande mmoja, dogo kama ukucha wa mtoto. Zipora alilipitishia kidole. Halikuwa limekwenda ndani sana.

Nyumbani jioni ile, mumewe Martin, aliyekuwa akimenya ndizi, alimtazama ovaroli.

"Mama Lulu, umekuwa mtu wa kifua wazi. Leta nikushonee hicho kifungo."

"Ulivyonishonea kile cha kanisani nilishindwa kulivua gauni. Acha, nitakishona mwenyewe kazi ikiisha."

"Kazi yako ilikwisha lini?"

Siku ya Alhamisi alianza kusaga tangu saa mbili asubuhi. Alipaka dawa ya kusagia kwenye ukingo wa valvu, akaibandika kwenye kijiti chenye mpira, akakipekecha katikati ya viganja kama mtu anayewasha moto wa zamani. Alipekecha, akainua, akageuza, akapekecha tena. Sauti ilianza ikikwaruza, ikalainika taratibu. Baada ya saa moja alifuta vyote, akarudisha springi, akamimina mafuta ya taa kwenye njia ya moshi aone kama yatapenya. Yalipenya. Duara la unyevu likajitokeza kuzunguka valvu.

Alirudia. Saa sita akajaribu tena. Yalipenya, kidogo zaidi.

"Mama, mikono yako," alisema Dula. Viganja vilikuwa vimetoka malengelenge. "Nipe nikupokee."

Zipora alifikiri kidogo. Kisha alimpa kijiti, akamwonyesha namna ya kusikiliza badala ya kutazama. "Ikikwaruza bado ina kidonda. Ikinong'ona imepona. Usiikandamize, haijakukosea." Kijana alipekecha mpaka jasho likamtoka katika baridi ya Julai, naye Zipora akapokea tena. Saa tisa walimimina mafuta ya taa kwa mara ya tatu, wakasubiri robo saa nzima kwa saa ya Silvano. Pakavu. Zipora alipangusa kwa kidole, akakinusa. Pakavu kabisa.

Gasketi ilifika saa kumi kasorobo, kondakta akaileta mwenyewe ikiwa imefungwa kwenye boksi la sabuni. Hawakukimbilia kuifunga. Zipora alisafisha nyuso zote mbili kwanza, na asubuhi ya Ijumaa ndipo alipokaza bolti, akianzia katikati na kwenda pembeni, kwa mizunguko mitatu, kila mzunguko nguvu ikiongezwa kidogo. Alipanga tapeti zote nane kwa fila. Injini iliwaka kwenye jaribio la pili. Aliiacha ipate moto, akazima, akakaza na kupanga upya, ndipo akatoa plagi na kupima.

Ya kwanza 118. Ya pili 120. Ya nne 117. Ya tatu aliiacha mwisho kwa makusudi. Kabla ya geji aliweka kidole. Kiliruka.

"Mia na kumi na tisa," alisoma Dula. Kisha akasoma tena kwa sauti kubwa, ili hata Dotto asikie.

Saa kumi kamili lori la Ismaili lilisimama mbele ya gereji. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye mnyororo begani.

"Mzee Silvano! Nimekuja kumchukua marehemu."

"Marehemu amekataa," alisema Silvano. Aliingia ndani, akawasha. Tapeti zikaanza kugonga, kwa upole na kwa mpangilio, ta, ta, ta.

"Mbona linagonga?" aliuliza Ismaili.

"Hiyo ndiyo sala yake," alijibu Silvano. "Panda tukatazame kama linapanda."

Walipanda wanne, Silvano, Zipora, Dula na Ismaili, na nyuma Dotto akatupia magunia sita ya viazi ya mtu wa sokoni aliyekuwa akitafuta usafiri wa kwenda juu. Silvano aliishika barabara ya Magamba. Kwenye kona ile kali ambapo mwinuko wa msitu huanza kubana, alibadili gia, na Zipora akaweka kiganja kwenye dashibodi ili asikie. Injini ililalamika, ikajikusanya, ikavuta. Miti ikaendelea kurudi nyuma kwa mwendo ule ule. Walipofika juu Silvano hakusimama mara moja. Alikwenda hatua mia zaidi, kama mtu anayehakikisha kwamba kilima kimekwisha kweli. Alipozima injini, macho yake yalikuwa yameloa.

"Nitawaambia watu wa mtaani," alisema. "Mama yeyote akiniita, nakwenda."

"Na msibani?" Zipora aliuliza.

"Msibani nitaliegesha mbali kidogo. Katekista atanisamehe."

Ismaili alitupa mnyororo miguuni pake. "Mama, leo umenirudisha mikono mitupu. Ukichoka ufundi uniambie, nikununue wewe."

"Mimi si chakavu," alisema Zipora, na wote wakacheka mpaka Magamba ikasikia.

Jua lilikuwa bado halijazama waliporudi gereji. Silvano alikawia getini kwa kushukuru, kisha akaondoka kuelekea Rangwi. Dula alibaki kufagia, na kabla ya kuondoka aliomba kuazima daftari la nne. Zipora alimpa, akamtaka aandike Corolla yake ndani, Tanga upande mmoja na Lushoto upande wa pili. Kisha aliifuta geji, akaitundika. Alinawa mikono kwa sabuni ya unga na mchanga, kwa uangalifu kwa sababu ya malengelenge, akaketi kwenye benchi aliyokuwa akikalia mzee.

Alifungua kiberiti, akatoa kifungo. Alitia uzi kwenye sindano katika jaribio la tatu. Alipitisha uzi kwenye matundu manne, mara sita kila tundu, akauzungushia shingo ya kifungo ili kipate nafasi ndogo ya kupumulia, akafunga fundo. Kisha akaukata uzi kwa meno, akafunga ovaroli mpaka juu.